Shajara ya mradi: kuwashauri wanafunzi wanaolenga daraja la kwanza, Kisumu

18 Januari 2025. Kilichonisukuma

Ninafundisha uchumi katika chuo kikuu kimoja cha umma magharibi mwa Kenya, na makazi yangu ni Kisumu. Kila mhadhiri wa idara yetu ana kundi la wanafunzi anaopaswa kuwashauri kuhusu masomo. Kwa mazoea, anayeitwa ofisini ni yule aliyeanguka, ana mitihani ya marudio mitatu au ameacha kuhudhuria. Anayepata 70 na zaidi haitwi na mtu. Tukikutana naye kwenye korido tunampa hongera, basi.

Mwezi Novemba uliopita msichana wa mwaka wa nne aliingia kwangu na transkripti, yaani karatasi ya matokeo yake yote, mkononi. Orodha ya watakaofuzu ilikuwa imebandikwa na jina lake halikuwamo, naye alikuwa miongoni mwa watatu bora wa darasa lake tangu mwaka wa kwanza. Nilipitisha kidole kwenye karatasi mstari kwa mstari. Mwaka wa pili, muhula wa pili, somo la takwimu, mahali pa alama palikuwa na kistari kidogo. Alikuwa amekiona kistari kile miaka miwili nyuma, akaamini kwamba alama ingejazwa tu. Aliyefundisha somo hilo alikuwa wa muda na alishaondoka. Msichana sasa anasubiri mahafali ya mwaka huu, na nafasi ya uzamili aliyokuwa ameahidiwa ikaenda kwa mwingine.

Mimi ndiye niliyekuwa mshauri wake. Katika miaka minne sikuwahi hata mara moja kumwambia alete transkripti tuiangalie pamoja.

Kwa hiyo mwaka huu nataka kukaa na wanafunzi wanaofanya vizuri, mmoja mmoja, kuanzia mwaka wa pili, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Naandika hapa kila hatua na gharama yake ili mhadhiri mwenzangu wa Kakamega, Bondo au Njoro akitaka kufanya hivyo asianzie sifuri.

Wasomaji wa nje wajue jambo moja. Katika vyuo vingi vya Marekani wanafunzi wa heshima huwa na programu yao, washauri wao na hata mabweni yao. Kwetu Kenya heshima ni daraja la shahada yenyewe: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 daraja la pili la chini, 40 hadi 49 ni kupita tu. Hakuna ofisi ya wanafunzi hawa. Wapo wametawanyika madarasani.

8 Februari. Kupata majina

Nilianza vibaya. Niliiandikia ofisi ya mitihani kuomba orodha ya wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wenye wastani wa 70 kwenda juu. Nikangoja karibu wiki mbili. Jibu likaja kwamba haiwezekani, na walikuwa sahihi. Alama za mwanafunzi ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kuzichukua kwa shughuli ambayo mwenyewe hajaridhia.

Nikabadilisha njia. Niliwaomba viongozi wa madarasa watangaze kwamba anayetaka kukaa nami nusu saa aje na transkripti yake mwenyewe. Njia hii ni bora kuliko ile niliyoitaka, kwa sababu anayekuja amechagua kuja. Walikuja 31. Kati yao 12 walikuwa na wastani wa 70 au zaidi. Nikawapokea hao, wale 19 nikawashukuru na kuwaambia waendelee kujitahidi.

Gharama hadi sasa: hakuna.

22 Februari. Kosa la kuwarudisha wale 19

Hili ndilo kosa nililolijutia mapema zaidi. Jioni ile ile nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kumfukuza mtu yeyote.

Shahada yetu ina yuniti 48, yaani masomo 48 ya muhula mmoja mmoja, katika miaka minne, na kwenye chuo chetu zote zina uzito sawa. (Angalia kitabu cha kanuni cha chuo chako, maana kuna vyuo vinavyoupa mwaka wa nne uzito zaidi.) Mwanafunzi aliyemaliza yuniti 24 kwa wastani wa 68.5 anahitaji wastani wa 71.5 katika 24 zilizobaki ili afike 70. Hilo linawezekana kabisa. Yule aliyemaliza 36 kwa wastani wa 67 anahitaji 79 katika 12 za mwisho. Huyo akiambiwa ukweli mapema atatumia nguvu zake kwenye mradi wa utafiti na barua za maombi, badala ya kujiumiza kwa namba isiyofikika.

Kumbe wanaohitaji ushauri zaidi ni wale wa 66 hadi 69, na hao ndio niliowarudisha. Mwenye 75 hata akiteleza kidogo bado yuko salama. Mwenye 68 uamuzi mmoja tu unampandisha au kumshusha.

Hesabu nyingine niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: kwetu, anayefanya mtihani wa marudio na kufaulu huandikiwa 40 hata kama alipata 80. Mwanafunzi ambaye angepata 76 katika yuniti, akakosa mtihani kwa ugonjwa bila kupeleka karatasi ya hospitali kwa wakati, akaandikiwa 40, amepoteza alama 36. Gawanya kwa 48 unapata 0.75. Aliyekuwa amalize na 70.5 anamaliza na 69.75. Siku moja ya malaria isiyo na karatasi imemtoa daraja la kwanza.

Niliwapigia simu wale 19 mmoja mmoja nikawaomba radhi. Walirudi 14. Watano hawakurudi, na siwalaumu. Sasa tuko 26.

Jumamosi ya kwanza niliwaita ukumbi mdogo wa kanisa, Milimani. Saba walitoka chuoni kwa matatu na nikawarudishia nauli, shilingi 400 kwenda na kurudi, jumla 2,800. Sitafanya hivyo tena. Kuanzia sasa wanaoishi Kisumu, ambao ni 11, nitaonana nao ukumbini Jumamosi, na wa chuoni Jumatano alasiri katika darasa lisilotumika. Ukumbi ni 500 kwa siku, chai na mandazi kama 300.

1 Machi. Fomu, na kikundi cha simu

Fomu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na maswali 37. Niliitunga kwa siku tatu na ilinipendeza. Wanafunzi 12 wa mwanzo waliijaza vizuri sana, kwa maneno yale yale ambayo sisi walimu hupenda kuyasikia: «kufanya bidii», «kusimamia muda wangu». Sikupata kitu ndani yake. Gharama ya kopi: shilingi 144.

Fomu ya pili ni ukurasa mmoja na maswali matatu. Yuniti gani haina alama? Wastani wako ni ngapi, na umeukokotoa mwenyewe? Mwaka mmoja baada ya mahafali unataka uwe wapi? Gharama ya kopi kwa wote 26: shilingi 78. Swali la pili ndilo lililonishangaza, kwani wengi wao walikuwa hawajawahi kukokotoa wastani wao. Walikuwa wanaukisia, na karibu wote walikisia juu.

Nilifungua pia kikundi cha WhatsApp. Siku ya nne kijana mmoja akaweka picha ya alama zake, wengine wakafuata, na kufikia usiku yakawa mashindano. Wawili walio kimya zaidi walitoka bila kuaga. Nilikifunga asubuhi iliyofuata. Sasa natuma ujumbe mfupi kwa kila mtu peke yake, na asiye na bando nampigia. Salio la simu ni kama 250 kwa mwezi.

15 Machi. Alama zilizopotea

Hii ndiyo kazi yenyewe, na nitaieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo itakayomfaa zaidi anayetaka kuiga.

Katika wanafunzi 26, tisa wana kistari mahali fulani kwenye transkripti. Yuniti zote pamoja ni 14. Nikumbushe kwamba hawa ni wanafunzi wanaohudhuria, wanaofanya kila jaribio, wanaokaa viti vya mbele.

Niliwaomba waandike kwa kila yuniti nani alifundisha, walifanya majaribio mangapi, walikaa mtihani ukumbi gani na tarehe gani. Kisha nikakaa na mratibu wa mitihani wa idara, mtu mvumilivu kweli, tukafungua makabati. Alama husafiri hivi: mhadhiri hujaza orodha, majaribio alama 30 na mtihani alama 70, orodha huenda kwa mkuu wa idara, mtahini wa nje huipitia, bodi ya kitivo huijadili, seneti huipitisha. Katika kila kituo karatasi inaweza kuangusha jina.

Tulipofuatilia tulipata mambo manne. Yuniti sita zilipotea kwa sababu mwanafunzi alisajiliwa kwa kuchelewa, karo ilipopatikana. Orodha ya darasa ilikuwa imeshachapishwa bila jina lake, mhadhiri akaliandika kwa mkono chini kabisa ya ukurasa, na karani aliyeingiza alama kwenye mfumo akasimama kwenye jina la mwisho lililochapishwa. Niliiona moja ya karatasi hizo kwa macho yangu: majina 83 yamechapishwa, halafu mstari, halafu majina matano kwa wino wa bluu, na pembeni alama zao. La tatu lilikuwa la mwanafunzi wangu. Alipata 78. Ile 78 ilikuwa imelala kwenye kabati miezi 14.

Yuniti nne zilikuwa na tarakimu moja iliyokosewa kwenye namba ya usajili. Mbili zilikuwa somo la hisabati linalofundishwa na idara nyingine. Alama zilijazwa zikabaki huko kwa kuwa hakuna aliyezifuata. Mbili za mwisho ni za mwalimu wa muda aliyeondoka bila kuwasilisha orodha ya majaribio.

Sababu tatu za kwanza zinatibika ikiwa mwanafunzi ana ushahidi. Hapo ndipo tulipokwama, kwani wengi hawakuwa na chochote mkononi. Majaribio yaliyosahihishwa wametupa, kadi ya mtihani iliyopigwa muhuri wameipoteza.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na alama ni mali. Nilinunua sokoni Kibuye mafaili ya plastiki 26 kwa shilingi 40 kila moja (1,040) na madaftari 26 kwa 50 (1,300). Kila mwanafunzi anahifadhi kwenye faili kila jaribio lililosahihishwa, kila kadi ya mtihani, kila risiti ya karo. Kwenye daftari anaandika siku aliyofanya mtihani, ukumbi, na kama alitia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ukifanye hata kama huna muda wa mengine yote, ni hiki.

12 Aprili. Saa moja asubuhi

Mvua za masika zimeanza. Paa la ukumbi ni la mabati, na Jumamosi hii ilinyesha kiasi kwamba sikuweza kumsikia mwanafunzi wa faili namba 7 aliyekuwa ameketi mbele yangu. Tukaanza kuandikiana kwenye daftari lake, tukilisukuma huku na huku mezani.

Namba 7 alikuwa amenitatiza. Mwaka wa tatu, muhula uliopita: 74, 76, 71, 58, 61, 73. Alama za kupanda na kushuka hivyo kwa mtu mmoja, muhula mmoja. Nilikuwa nimeshaandika pembeni kwamba masomo yale mawili yana hesabu nyingi na huenda anahitaji msaada wa hesabu. Nilikosea. Nilimwandikia: «Hizi mbili zilikuwa saa ngapi?» Akaandika: «Saa moja asubuhi, zote.»

Halafu akaendelea kuandika bila mimi kuuliza. Anaishi Nyalenda kwa shangazi yake. Kila jioni hufundisha watoto watatu wa jirani mpaka saa tatu usiku, na pesa hizo ndizo karo ya kaka yake aliye kidato cha pili. Matatu ya kwanza haijai upesi, na mara nyingi alifika darasani saa mbili kasorobo. Jaribio moja lilifanywa dakika ishirini za mwanzo. Aliandika haya yote kwa mwandiko mdogo uliopangika, na mvua ilipopungua aliweka kalamu chini, na sidhani angeyasema kwa mdomo.

Somo mojawapo la asubuhi la muhula huu lina makundi mawili, na la pili hukutana saa nane mchana. Jumatatu nilizungumza na mwalimu wake, akahamishwa kwa dakika tano.

Tangu siku hiyo siangalii transkripti peke yake. Naweka ratiba ya masomo kando yake. Kwa wengine wawili nimeona mwenendo kama huo. Mmoja alikuwa na vipindi vya Ijumaa alasiri wakati ambao husaidia dukani kwao.

10 Mei. Mkopo

Yuniti nane kati ya 14 zimepatikana. Zilizosalia ni sita.

Kuna jambo lilinienda vibaya na lazima niliandike. Mwanafunzi wa faili namba 15 alinijia siku mbili kabla ya mitihani. Mkopo wake wa masomo ulikuwa haujaingia na asingepewa kadi ya mtihani bila kumaliza karo. Alipungukiwa na shilingi 6,000. Nilimtumia kwa simu hapo hapo. Alifanya mitihani yote.

Kisha akanikwepa wiki tano. Hakuja Jumatano, hakujibu ujumbe, na siku moja niliona akivuka kwenda upande mwingine wa barabara. Nilikuwa nimemgeuza mtu aliyekuja kwa ushauri kuwa mdaiwa wangu, na mdaiwa hawezi kukaa mbele ya mdai akamweleza udhaifu wake. Mama yake alinipigia simu kutoka kijijini, akaniita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, akanihakikishia kwamba watalipa wakiuza mahindi. Nilimwambia asiuze chochote. Aliumia zaidi, maana alisikia kama namdharau. Hapo pia nilikosea. Ningepokea ahadi yake kwa heshima aliyoitoa nayo.

Suluhisho: nilimwomba mwenzangu wa idara amchukue namba 15 awe mshauri wake, na mimi nikatoka. Wanaendelea vizuri. Kwa wengine sasa nina karatasi moja yenye majina ya ofisi za chuo zinazoweza kusaidia, mlezi wa wanafunzi, ofisi ya fedha, na kazi za wanafunzi chuoni, pamoja na tarehe za mwisho za kuomba. Naitoa wiki ya kwanza ya muhula, kabla moto haujawaka. Mshauri asikopeshe. Akiweza kutoa, atoe kupitia mtu mwingine na jina lake lisijulikane.

21 Juni. Ushauri mbaya nilioutoa

Faili namba 3 ni mwanafunzi mwenye wastani wa 71.2, mwaka wa tatu. Mwezi Februari alikuwa anachagua yuniti za hiari na alisita kati ya ikonometria (takwimu za uchumi) ya pili na somo jepesi la maendeleo ya vijijini. Nilimwambia alinde wastani wake na achukue lile jepesi. Alipata 79. Sote tulifurahi.

Wiki hii aliniletea masharti ya programu tatu za uzamili wa uchumi anazozitamani. Mbili zinataka mwombaji awe amesoma ikonometria zaidi ya ile ya utangulizi. Wastani wake unamfungulia mlango, na transkripti yake inaufunga. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama bado anaweza kuichukua. Anaweza, mwaka wa nne, ikiwa ya saba katika muhula ambao wenzake wana sita, pamoja na mradi wa utafiti.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Ushauri wangu ulikuwa wa mtu anayelinda namba. Daraja la kwanza lilikuwa limeacha kuwa njia na limekuwa mwisho wa safari, kwangu kuliko kwake. Nimemwambia hivyo waziwazi na nimemwomba radhi.

Kanuni mpya, na imebandikwa juu ya meza yangu: kabla ya kuchagua yuniti yoyote ya hiari, mwanafunzi analeta masharti ya programu mbili za uzamili na tangazo moja la kazi anayoitaka. Tunasoma hayo kwanza. Wastani tunauangalia baadaye. Faili sita kati ya 26 zimebadilisha uchaguzi wa Septemba kwa sababu hiyo, nne kati ya hizo kwenda kwenye somo gumu zaidi.

16 Agosti. Ufadhili

Likizo. Nimetumia Jumamosi mbili kupitia masharti ya ufadhili pamoja na wale wanaoingia mwaka wa nne. Wengi walikuwa na imani kwamba bila daraja la kwanza hakuna ufadhili wa nje. Si kweli. Ufadhili wa uzamili wa Jumuiya ya Madola huomba angalau daraja la pili la juu. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, saa 2,800, kwa hiyo anayemaliza leo hawezi kuiomba kesho hata akiwa na 80. Vijana wawili walikuwa wamepanga maisha yao kuzunguka Chevening ya mwaka ujao. Ni afadhali wamejua sasa.

Barua za mapendekezo: nimeacha kuandika barua kwa mtu ambaye sijasoma kazi yake hata moja. Anayeitaka anipe insha au sura ya mradi wiki tatu kabla. Daftari la mikutano yetu limenisaidia sana hapa, kwa kuwa naweza kutaja jambo alilolifanya badala ya kuandika kwamba ana bidii.

Yuniti zilizopatikana: 10 kati ya 14.

15 Novemba. Mgomo

Mgomo wa wahadhiri ulianza 17 Septemba na kumalizika 5 Novemba. Mimi ni mwanachama na niligoma. Mikutano ya Jumatano na Jumamosi ilisimama. Nilipokea simu kama mtu anavyopokea simu za watu anaowajali, lakini sikufungua faili la mtu.

Niliporudi nilitarajia kukuta mambo yamelala. Wanafunzi wa mwaka wa nne walikuwa wamewaita wale wa mwaka wa tatu kwenye ukumbi wa Milimani, wakalipa wenyewe zile 500, na kupitia transkripti pamoja. Yuniti moja ilipatikana kwa sababu namba 21 alitambua kosa la namba ya usajili lililofanana na lake.

Lakini kuna lililoharibika pia. Mmoja wao aliona alama za mwenzake, akazitaja bwenini, na mwenye alama akaacha kuja. Nilienda kumwona. Hakuwa na hasira. Alisema alikuwa ananiamini mimi, si watu wote. Amerudi, lakini faili lake sasa anakuja nalo kwangu tu.

Marekebisho: wanafunzi wanaosaidiana hutumia karatasi isiyo na safu ya alama kabisa. Ina jina la yuniti, tarehe ya mtihani, na alama ya tiki kama matokeo yameonekana. Inatosha kwa kazi yao. Alama zenyewe zinabaki kati ya mwanafunzi na mshauri.

Namba 3 anachukua ikonometria ya pili. Muhula umebanwa na mgomo, na mzigo wake ndio mzito kuliko wa wote. Nimemwomba msimamizi wa mradi wake ampe wiki mbili zaidi kwa sura ya pili, naye amekubali.

17 Januari 2026. Hesabu ya mwaka

Gharama yote kwa shilingi: kopi 222, mafaili 1,040, madaftari 1,300, ukumbi siku tisa 4,500, nauli ya Jumamosi ile ya kwanza 2,800, salio la simu miezi kumi 2,500, chai 2,700. Jumla ni 15,062, ambazo tumechangia mimi na mwenzangu. Zile 6,000 sizihesabu humu. Muda ni kitu kingine: kwa mwanafunzi mmoja karibu saa tatu kwa mwaka, na kufuatilia alama zilizopotea kumekula muda zaidi ya hapo.

Waliobaki ni 24. Mmoja amehamia chuo kingine, mwingine ameamua hahitaji tena, na amefanya vizuri kuniambia. Wa mwaka wa nne hawajamaliza, kwa hiyo siwezi kusema madaraja yao. Namba 7 muhula uliopita hakushuka chini ya 69.

Yuniti 12 kati ya 14 zimeingia kwenye mfumo. Mbili zilizobaki ni za yule mwalimu wa muda. Karatasi za mtihani tulizipata stoo ya idara, zimesahihishwa, lakini alama za majaribio, zile 30, ziko kwake. Bila hizo, mwanafunzi aliyepata 55 juu ya 70 anaonekana ana 55 juu ya 100. Mwezi Desemba mratibu alimpata kwa simu. Anafundisha shule ya sekondari upande wa Kitale, na alisema daftari la majaribio lipo nyumbani kwake ndani ya sanduku la vitabu, ila hawezi kulituma kwa mtu asiyemjua.

Barua ya idara imetiwa sahihi jana. Jumanne nitapanda matatu ya asubuhi kwenda Kitale, nikiwa na barua hiyo, vitambulisho vya wanafunzi wote wawili, na orodha tupu ya alama ili aijaze na kuitia sahihi mbele yangu.